Pampu ikiwaka bodi inajizima: usiilaumu programu, wala bodi si feki

*"Shikamoo mwalimu. Nina bustani ndogo ya mchicha na pilipili hoho nyuma ya nyumba, Morogoro, na nimetengeneza mfumo wa kumwagilia kwa ESP32, ile bodi ndogo ya kuprogramu yenye Wi-Fi. Sensa ya unyevu ni ile ya miguu miwili kama uma. Nimeilisha kutoka VIN (pini ya umeme wa volti 5) na GND (pini ya hasi), na A0 yake, inayotoa usomaji, nimeipeleka pini 26. Pampu ni ile ndogo ya volti 5 ya kuzamisha kwenye ndoo, inawashwa na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), nayo inachukua umeme kwenye VIN hiyohiyo. Kila kitu kinategemea chaja moja ya simu. Mwanzoni namba zilikuwa nzuri kabisa. Nikaongeza Wi-Fi ili nione kwenye simu, na tangu hapo zinakuja za ajabu. Pampu ikiwaka, mara nyingine bodi inaanza upya na kwenye kompyuta linatokea andiko 'Brownout detector was triggered'. Sasa mguu mmoja wa sensa umeota kijani na unaliwa. Nimeandika programu upya hadi nimechoka. Rafiki yangu anasema nimeuziwa bodi feki Kariakoo, ninunue Arduino Uno halisi au Raspberry Pi. Ni kweli? Na baadaye nataka rilei hiihii iwashe pampu ya kisima ya nusu hospawa. Nifanyeje?"*

Marahaba, kijana wangu. Pole kwa usumbufu, ila habari njema ni kwamba sioni dalili yoyote ya bodi mbovu hapa. Bodi mbovu huharibika ovyo, leo hivi kesho vile. Yako inaharibikiwa kwa mpangilio: namba zilikuwa nzuri hadi Wi-Fi ilipoingia, bodi inajizima pampu inapowaka, na mguu ulioliwa ni mmoja, si yote miwili. Kila dalili uliyoitaja ina chanzo chake. Una matatizo matatu yaliyokutana kwenye mradi mmoja, na kwa kuwa yote yanajitokeza kwenye skrini ileile umeyaona kama moja, ukalitafutia dawa kwenye programu. La kwanza ni umeme usiofika wa kutosha, la pili ni pini uliyoichagua, la tatu ni kemia ya sensa yenyewe. Hakuna linalopona kwa kuandika mistari mipya.

Lipo pia la nne ambalo hukuliuliza. Hilo linaweza kuiua bodi leo jioni, kwa hiyo naanza nalo.

Umeilisha sensa volti 5 kutoka VIN. Kibodi cha sensa ile ya uma hutoa kwenye A0 volti inayopanda kadiri udongo unavyokauka. Udongo ukikauka kabisa, au ukiing'oa sensa ardhini ukaiweka mezani, A0 inakaribia volti ileile unayoilisha, yaani karibu 5. ESP32 ni chipu ya volti 3.3 na pini zake hazikuundwa kupokea zaidi ya 3.6. Kama bado iko hai, mshukuru rezista mdogo aliyemo kwenye kibodi cha sensa, maana yeye ndiye anayeubana mkondo usiingie kwa nguvu. Chomoa waya wa sensa kwenye VIN, uchomeke kwenye pini iliyoandikwa 3V3. Itafanya kazi vilevile. Mtego huu unawanasa wengi kwa sababu michoro mingi ya kujifunzia ilichorwa kwa ajili ya Arduino Uno, ambayo ni bodi ya volti 5. Mtu anaunakili mchoro ulivyo na kusahau kwamba bodi iliyo mkononi mwake ni nyingine.

Sasa tuje kwenye kujizima. Lile andiko la "Brownout" limewatisha wengi, lakini si tangazo la ugonjwa. Ndani ya ESP32 kuna mlinzi anayeipima volti ya chipu muda wote. Volti ikishuka chini ya kiwango, anaizima chipu na kuiwasha upya makusudi, kwa sababu chipu inayoendelea kufanya kazi kwa umeme hafifu inaweza kukokotoa uongo au kuandika takataka kwenye kumbukumbu. Utakutana na watu mtandaoni wanaokufundisha mstari mmoja wa programu wa kumzima mlinzi huyo. Usiwasikilize. Volti itaendelea kushuka, tofauti ni kwamba sasa hutaambiwa.

Kwa nini inashuka? Fuata njia ya umeme kwa kidole. Unatoka kwenye chaja, unapita waya wa USB, unaingia kwenye bodi, na kwenye bodi nyingi za aina hii unapita dayodi (kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kabla ya kufika VIN. Hapo unagawanyika: sehemu inakwenda kwenye kidhibiti cha volti kinachotengeneza 3.3 kwa ajili ya chipu, sehemu kwenye rilei, sehemu kwenye pampu. Ni sawa na nyumba ambayo mtu akifungua bomba la uani, anayeoga ndani anabaki na matone. Tangi limejaa, tatizo ni kwamba wote wananyonya bomba moja jembamba.

Tupige hesabu, maana bila hesabu huu ni umbea. Waya nyembamba zilizomo kwenye nyaya nyingi za bei rahisi za kuchajia simu zina ukinzani wa takriban omu 0.2 kwa mita. Waya wa mita moja, kwenda na kurudi, ni omu 0.4 na ushee. Pampu ndogo ikiwa inazunguka haili sana, lakini sekunde ileile ya kuanza, mota ikiwa bado imesimama, hunyonya mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida. Ongeza koili ya rilei, karibu miliampea 70. Ongeza Wi-Fi, ambayo inaporusha data ESP32 yako inaweza kuvuta hadi miliampea 240 kwa mipigo mifupi. Jumla ikigusa ampea moja kwa kitambo kidogo, waya peke yake umekula volti 0.4. Dayodi inakula nyingine 0.3 hivi. Zile 5 zimekuwa 4.3. Kidhibiti kinachofungwa kwenye bodi nyingi hizi, AMS1117, kinahitaji kupokea takriban volti moja na kidogo juu ya kile inachotoa ili kifanye kazi sawasawa, yaani 4.4 hivi. Umeshapita ukingoni, mlinzi kaona, bodi imezimwa.

Ndiyo maana haisaidii kuniambia kwamba chaja yako imeandikwa ampea 2. Namba ile inasema habari za mdomo wa chaja. Chipu iko upande wa pili wa waya.

Unaweza kuthibitisha haya bila kununua kitu. Chomoa waya mbili za pampu kwenye rilei, acha mfumo uende, uisikie rilei ikigonga "tak" bila kuwasha chochote. Bodi ikiacha kujizima, mkosaji ni pampu. Ikiendelea kujizima hata rilei ikigonga tupu, basi waya wa USB au chaja ni dhaifu kiasi cha kushindwa hata Wi-Fi. Badilisha waya kwanza, uchukue mfupi na mnene. Kama una multimita, weka ncha zake kwenye VIN na GND pampu ikianza. Multimita ya kawaida ni nzito kuona mshuko wa kufumba na kufumbua, lakini ikikuonyesha 4.5 au chini hata kwa muda mfupi, huna haja ya ushahidi mwingine.

Tiba ni kuipa pampu umeme wake. Tafuta chaja ya pili, hata kuukuu, kata waya wa USB usiotumika, chukua waya chanya na hasi (kwa kawaida nyekundu na nyeusi, lakini pima usiamini rangi), na upitishe ile chanya kwenye mdomo wa rilei. Hapa kuna kauli moja inayorudiwa kila mahali: "lazima GND zote ziunganishwe." Kwa rilei si kweli. Ndani ya rilei, koili na vile vibati vinavyogusana havina uhusiano wa umeme. Sumaku ndiyo inayovisukuma. Umeme wa pampu unaweza kuishi kivyake kabisa bila kugusana na GND ya ESP32, na ukiuacha hivyo makelele ya mota hayana njia rahisi ya kurudi kwenye sensa yako. Kauli ile ni kweli siku utakapoacha rilei na kutumia transista au MOSFET, yaani swichi za kielektroniki zisizo na vibati. Hapo usipounganisha GND, hakuna kitakachowaka.

Kisha weka vitu vitatu vya bei ya soda. Kapasita (kipuri kinachotunza akiba ndogo ya chaji) ya mikrofaradi 470 hadi 1000, ya volti 10 au 16, kati ya VIN na GND karibu kabisa na bodi. Mguu wenye mstari wa alama ya kutoa uende GND, ukiigeuza inaweza kupasuka. Dayodi 1N4007 kati ya nyaya mbili za pampu, upande wenye mstari mweupe ukielekea chanya. Kazi yake ni kuumeza mpigo wa volti ambao koili ya mota huurudisha inapozimwa. Na kapasita ndogo ya seramiki ya nanofaradi 100 kwenye nyaya hizohizo, karibu na pampu kadiri unavyoweza, kwa ajili ya cheche za brashi.

Kuna watakaokushauri utumie betri ya pikipiki ya volti 12 na paneli ndogo ya sola. Si wazo baya kwa bustani, hasa umeme wa gridi ukiwa wa kuja na kuondoka. Ila usiipeleke 12 kwenye VIN. Kidhibiti cha bodi hugeuza volti iliyozidi kuwa joto, na kutoka 12 hadi 3.3 ni joto la kuunguza kidole. Nunua moduli ya kushusha volti, LM2596 ni maarufu, uiunganishe na betri kwanza bila bodi, uzungushe skrubu yake huku unapima hadi isome 5, ndipo uunganishe. Na weka fyuzi kwenye waya chanya, karibu na betri. Betri ya risasi na asidi ikigusanishwa ncha zake haina adabu. Inaweza kuuyeyusha waya na kuwasha moto kabla hujafika mlangoni.

Pini 26. Hapa umenipa ushahidi mwenyewe uliposema namba ziliharibika siku ulipoongeza Wi-Fi. ESP32 ina vipimaji viwili vinavyogeuza volti kuwa namba, ADC1 na ADC2. Cha pili kinatumiwa pia na mitambo ya Wi-Fi, na Wi-Fi ndiyo yenye haki ya kwanza. Ikiwa inafanya kazi, kusoma kupitia ADC2 kunashindwa, na namba unayoipata haina maana yoyote. Pini za ADC2 ni 0, 2, 4, 12, 13, 14, 15, 25, 26 na 27. Yako imo. Hamishia A0 kwenye pini ya ADC1: 32, 33, 34, 35, 36 au 39. Mimi ningechukua 34 au 35, kwa kuwa hizo ni za kupokea tu na huwezi kuzitumia kimakosa kutoa umeme. Hili peke yake litarudisha zaidi ya nusu ya furaha yako.

Hata hivyo usitarajie namba ikae kimya kabisa. Kipimaji cha ESP32 hakisifiki kwa usahihi. Kinasoma hadi 4095, na kwa mpangilio wa kawaida kilele hicho kinafikiwa kwenye volti 3.1 hivi, lakini karibu na sifuri na karibu na kilele kinapinda. Kuanzia volti 0.15 hadi 2.4 kinaaminika. Kuyumba kwa namba 20 au 30 ni kawaida yake.

Kuyumba kwa namba mia moja pampu ikiwaka ni jambo jingine, na chanzo chake ni waya wa GND unaotumiwa na wote. Tunaisoma GND kama sifuri, lakini ni waya tu, na waya una ukinzani. Sema mkondo wa pampu wa miliampea 300 unarudi kwenye bredibodi (ule ubao wa matundu wa kuunganishia nyaya) kupitia reli ileile ya sensa, na zile jampa nyembamba na matundu yaliyolegea vina jumla ya omu 0.2. Hapo sifuri ya sensa imepandishwa milivolti 60. Kwa kipimaji chako hizo ni karibu namba 80. Udongo haujabadilika hata chembe. Ukishaitenganisha pampu kama nilivyosema juu, hili nalo linaondoka bure.

Na sasa ule ukijani, ambao kwangu ndio sehemu tamu ya barua yako. Sensa ya uma hupitisha mkondo mdogo wa umeme kutoka mguu mmoja hadi mwingine kupitia maji yaliyomo udongoni. Maji ya udongo yana chumvi zilizoyeyuka, na mkondo unaokwenda upande mmoja tu, saa 24, ndani ya maji ya chumvi, ni electrolisisi ileile ya maabara ya sekondari, yaani umeme kuvunjavunja vitu ndani ya maji. Atomu za shaba za mguu chanya zinaacha elektroni zao na kuondoka kuingia udongoni. Ndiyo sababu umeliwa mguu mmoja. Ukijani ni chumvi za shaba. Ile dhahabu iliyopakwa juu ni nyembamba mno kuzuia. Ikichubuka mahali pamoja tu, shaba ya chini inaliwa kuanzia hapo.

Mtu anaweza kusema sensa ni rahisi, nitabadilisha kila mwezi. Shida ni kwamba kabla haijafa inadanganya. Kadiri shaba inavyopungua ukinzani unapanda, sensa inaripoti udongo mkavu, na mfumo wako mwaminifu unamwaga maji kwenye mchicha uliokwisha kulowa. Na ipo hitilafu nyingine isiyohusu kutu. Sensa hii haipimi maji hasa, inapima jinsi umeme unavyopita. Ukiweka mbolea ya chumvichumvi, umeme unapita vizuri zaidi kwa maji yaleyale, na usomaji unasema kumelowa. Ukitia mbolea ya namna hiyo Jumamosi usishangae pampu ikigoma Jumapili.

Kama huna pesa ya nyingine kwa sasa, punguza maumivu: badala ya 3V3, ilishe sensa kutoka pini ya kawaida ya bodi, tuseme 25, uiwashe kwa nusu sekunde, usome, uizime. Sensa hii haili zaidi ya miliampea chache, pini inamudu. Ukisoma kila nusu saa, badala ya saa 24 kwa siku mguu unapitiwa na umeme kwa sekunde 24. Utaishi muda mrefu sana zaidi.

Lakini ushauri wangu wa kweli ni uhamie kwenye sensa ya kapasita, ile ya ubao mmoja mpana mweusi. Shaba yake imefunikwa na haigusi udongo, inahisi jinsi maji yanavyobadilisha uwezo wa udongo kuhifadhi chaji, na mbolea inaisumbua kidogo kuliko ile ya uma. Nayo si malaika. Zinauzwa kwa wingi na ubora wake ni bahati nasibu, kwa hiyo ukifika dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue Nairobi, fanya mambo mawili. Soma maandishi ya chipu ndogo: ikiwa ni TLC555 chukua, ikiwa ni NE555 iache, kwa sababu hiyo inahitaji angalau volti 4.5 na wewe una 3.3. La pili, ukiijaribu, itumbukize ghafla kwenye glasi ya maji hadi chini ya mstari wake. Namba inapaswa kushuka mara moja na kutulia. Ikishuka polepole kwa dakika nzima, rezista mmoja ndani yake hajaunganishwa na GND, kasoro inayojulikana ya baadhi ya nakala, na muuzaji ana haki ya kukubadilishia. Ukifika nyumbani paka kingo zake zote rangi ya kucha mara mbili au tatu, na sehemu ya juu yenye vipuri pia. Ubao umekatwa kiwandani na kingo zimeachwa wazi. Maji yanaingia kupitia humo na kuuvimbisha.

Ukishapata sensa nzuri, usinakili namba za mtu mwingine. Kipande cha programu kinachosema "chini ya 1500 ni udongo uliolowa" kiliandikwa kwa udongo wa mwandishi wake. Kichanga na mfinyanzi ni watu wawili: mfinyanzi unaweza kuwa na maji mengi ambayo mizizi haiwezi kuyavuta, na kichanga kikaonekana kikavu huku mmea ukinywa bila shida. Chukua chungu au kopo lililotobolewa chini, jaza udongo wa bustani yako, ushindilie kama ulivyo shambani, upande mche wa mchicha. Lowesha hadi maji yatoke chini, uache yachuruzike usiku kucha, asubuhi usome. Hiyo ndiyo namba yako ya "nimeshiba". Kisha usimwagilie. Soma kila asubuhi, na siku utakapokuta majani yamelegea kabla jua halijapanda, andika namba ya siku hiyo. Hiyo ni "naumia". Kulegea kwa saa nane mchana usikuhesabu, mchicha hujilegeza kwa jua kali hata ukiwa na maji. Mfumo wako ufanye kazi kati ya namba hizo mbili, ukianza kumwagilia mbali kabisa kabla ya kufika "naumia". Na unapoichomeka sensa shambani, iingie penye mizizi, udongo ukiibana pande zote. Pengo la hewa upande mmoja linaiharibu hesabu yote, na ukiiweka palepale maji yanapodondokea itaridhika peke yake wakati tuta zima lina kiu.

Programu sasa, kwa ufupi, maana si yenye kosa. Soma pampu ikiwa imezimwa. Chukua usomaji kama 15, uupange, uchukue wa katikati. Hiyo inatupa mbali namba za kichaa kuliko wastani. Weka mipaka miwili, wa kuwasha na wa kuzima, visifanane, la sivyo rilei itakuwa inagonga kama cherehani. Weka ukomo wa muda: pampu isizidi, tuseme, sekunde 40 kwa mara moja, kisha ipumzike dakika 20 maji yazame ndipo isome tena. Na namba ikiwa nje kabisa ya ulichowahi kukiona, chukulia waya umekatika, usimwagilie. Programu nyingi za kuanzia zinamwaga maji pale sensa inapong'oka, na mtu anarudi kazini akikuta ndoo tupu na pampu imeungua kwa kuzunguka kavu.

Kuhusu rafiki yako. Arduino Uno ni bodi nzuri ya kujifunzia, imara, ina volti 5 kama sensa nyingi za zamani, na kwa kuwa ile ya R3 haina Wi-Fi, ugomvi wa ADC2 usingekuwepo. Lakini pampu ingeitikisa vilevile na mguu wa sensa ungeliwa vilevile. Kama huhitaji kuona chochote kwenye simu, Uno inatosha na pengine ni tulivu zaidi. Kama unahitaji, baki na ulichonacho. Raspberry Pi kwa kazi hii sioni maana yake: ni kompyuta kamili, inakula umeme mwingi, haina pini hata moja ya kusoma volti ya sensa kama hii bila kuongeza chipu nyingine, na ikikatiwa umeme ghafla inaweza kuharibu kadi yake ya kumbukumbu. Wapo wanaochanganya na Raspberry Pi Pico, ambayo ni jamii ya bodi yako na inasoma volti bila shida. Lakini tatizo lako si bodi, pesa hiyo inunue sensa na chaja.

Pampu ya kisima ndiyo inayonifanya niache utani. Rilei yako ya buluu imeandikwa ampea 10, volti 250, na ukipiga hesabu nusu hospawa utaona inafaa. Tatizo ni ule mwanzo: mota ya namna hiyo huvuta ampea chache ikizunguka, lakini inapoanza inaweza kuvuta mara tano au zaidi. Vibati vya rilei vinarusha cheche kila mara, na siku moja vinashikana kabisa. Hapo bodi inasema "zima", taa ya rilei inazima, na pampu inaendelea. Utakuwa na mota ya volti 230 usiyoweza kuizima, maji sakafuni, na wewe uko pekupeku unatafuta swichi. Kazi hii inataka kontakta (rilei kubwa ya kazi nzito) iliyopimwa kwa mota, kinga ya mota isiungue, kikata umeme kinachohisi mkondo unaovujia ardhini, na sanduku lisiloingiza maji. Rilei yako ndogo inaweza kubaki na kazi ya kuiamuru koili ya kontakta, lakini upande wote wa volti 230 afunge fundi umeme mwenye leseni: Tanzania wanapewa na EWURA, Kenya na EPRA. Muombe akuonyeshe leseni, hatakasirika. Wewe utabaki na waya mbili za upande mdogo.

Na kwa haya ya volti 5, ukikwama kwenye kuchoma lehemu au huna multimita, nenda kwa fundi wa redio na simu wa mtaani kwako. Hajui ESP32, pengine, lakini waya uliolegea na volti iliyoshuka anavijua kuliko wengi wanaotoa ushauri mtandaoni, na atakupimia kwa dakika tano.

Anza na waya wa sensa kwenda 3V3, leo. Kesho hamisha A0 kwenda 34. Umeme wa pampu uutenganishe ukipata chaja, na kila ukibadilisha kitu kimoja acha mfumo uende siku nzima kabla ya kugusa kingine. Ukiona bado inajizima baada ya yote hayo, niandikie tena uniambie volti ya VIN pampu ikiwa imezimwa, volti ya VIN pampu ikianza, na upige picha ya nyaya zako kutoka juu ili nione zinavyopita.